BSA ya Ladislas na mguu usio na cha kusahau

Saa kumi na mbili asubuhi, Kamembe, wilayani Rusizi, Rwanda. Nyiramahoro anajifunga kitenge juu ya suruali, kisha anakikanyaga kiwashio cha pikipiki kwa uzito wake wote. Mumewe, Ladislas Muhigirwa, yuko pembeni, ameshika kijiti kidogo cha kwenye usukani kinachochelewesha cheche. Wasipoelewana, kiwashio hurudi kwa teke la punda.

"Polepole, Maman. Ngoja niseme," anasema. "Sasa."

Injini inaitikia. Ladislas, mwenye miaka 55, anainamisha kichwa kuisikiliza, akitabasamu peke yake.

Ni BSA ya Uingereza ya mwaka 1954. Baba yake aliinunua Bukavu, ng'ambo ya mpaka nchini Kongo, kwa mwenye shamba la kahawa. Vita vilipofika huko mwaka 1996, Ladislas aliifungua vipande vipande, akaivusha daraja la Rusizi kwa safari tano, injini ikiwa ndani ya gunia la mihogo.

Kwayo huleta mchele kutoka Bugarama, kilomita arobaini hivi, gunia moja kila safari. Lakini tangu mwaka jana goti lake la kulia limegoma. Kwenye BSA, kiwashio na gia vyote viko mguu huohuo wa kulia na breki iko kushoto, kinyume na pikipiki za siku hizi.

Dominique, mfanyabiashara wa Bukavu, anaitaka. Badala yake atampa pikipiki ya Kijapani inayowashwa kwa kitufe, na amempa hadi Jumamosi aamue.

"Goti inasema niiache," anasema Ladislas. "Roho inakatala." Nakiri maneno hayo yaliniuma.

Alijaribu kutafuta dereva. Védaste, mwenye miaka sita ya kubeba abiria kwa pikipiki, aliteremka nayo Bugarama, akaona ng'ombe barabarani, akakanyaga breki kwa mguu aliouzoea. Kumbe amebadili gia. Walimtoa kwenye mpunga, mzima, tope hadi masikioni.

"Anajua moto sana, ndiyo maana ile ilimushinda," anacheka Nyiramahoro, ambaye pikipiki huiita moto. "Miye sikujuaka hata moja. Mguu yangu haina kitu ya kusahau."

Basi akaanza kujifunza yeye, kila Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja wa kanisa. Wiki ya tano sasa, na hajaanguka. Majirani waliosema mwanamke hapandi pikipiki, siku hizi huja na viti kumtazama.

Jumamosi Dominique alivuka daraja kufuata jibu lake. Ladislas alimsogezea kiti. Mkewe akamimina chai.

"Papa Dominique," akasema, "hii moto iko na muntu wake. Ni miye."

Akipata leseni, ikiwezekana kabla ya Pasaka, yeye ndiye atakayefuata mchele Bugarama. Safari ya kwanza Ladislas ataketi nyuma, mahali ambapo hajawahi kuketi maisha yake yote.

"Nitamushika kwa kiuno," anasema, "na nitanyamaza. Kama nitaweza."