Barua Ndani ya Gunia la Alizeti

Jumamosi, 12 Julai. Upepo tangu alfajiri, baridi, vumbi mpaka kwenye sufuria.

Enzi zetu hapa Kinyangiri mapenzi yalikuwa kazi ya mikono. Binti yangu Rehema anapenda kwa kidole gumba, amekaa, tena simu ina namba ya siri kama benki. Sisi tulipiga alizeti kwa fimbo, makapi yamejaa kichwani, na hapo hapo kijana akuone mzuri. Elia aliniona. Labda vumbi lilimsaidia.

Akaniandikia barua yenye maua ya kalamu nyekundu, bila jina, "Kwako ua la moyo". Nisimwonee, mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko huu wangu. Nami kwa akili nyingi nilizojaliwa nikaificha ndani ya gunia la alizeti. Kesho yake baba akalipeleka kukamua mafuta. Mwenye mashine akaisoma kwa sauti mbele ya foleni nzima, akarudia pale pa "nisipokuona hata uji haushuki".

Nilikuwa kidato cha pili. Baba alishasema, "Nikisikia mambo ya wavulana, madaftari yako utawashia moto." Aliporudi na barua, tulikuwa jikoni mimi na rafiki yangu Neema, tuliyepiga naye alizeti ile.

"Hii ya nani?"

"Ya Neema, baba."

Neema akaniangalia. "Ya kwangu, baba. Nisamehe."

Kwao alichapwa, akaachishwa shule, akapelekwa Kintinku kwa shangazi yake. Mimi nikamaliza shule. Elia alioa kwingine, na sina la kumlaumu.

Leo Neema kaja kututembelea.

"We Mama Rehema, umenenepa kwa dhambi zako!"

Nikacheka, halafu nikashindwa. Nikamshika mkono mpaka uani kwa baba, mzee sasa.

"Shikamoo baba," Neema akasema.

"Marahaba."

"Baba, ile barua ilikuwa yangu," nikasema.

Baba hakuinua macho. "Nilijua siku ile ile. Nilitaka usome."

"Basi mlikuwa wawili," Neema akasema.

Tunawaambia watoto kwamba zamani watu walijua kutunza siri. Ni kweli, ila sikumbuki kuwaambia nani alizibeba.

Jioni tumekula ugali wa uwele na mlenda. Neema alisema chumvi imezidi. Ilikuwa imezidi.