Kipande cha Mwisho cha Gazeti

Juzi mvua iliingia kwa dirisha la jikoni kwangu, hapa Msambweni, ikalowesha magazeti niliyoyatandika chini ya jiko. Asubuhi nikayaanika juu ya ukuta wa uani. Jua lilipoyapata ikapanda ile harufu: wino, vumbi, na kitu kichachu kidogo ambacho pengine hakikuwepo kabisa, ila pua yangu ilikiongeza yenyewe. Ninyi mkinusa gazeti lililolowa mtasema ni gazeti tu. Mimi nilinusa Bongwe, nyumba ya bibi yangu, na mbwa aliyekataa katakata kukojoa nje.

Tulifika Bongwe siku moja, mimi na huyo mbwa. Nilikuwa na miaka tisa, yeye hata meno hayajakamilika. Mama alikuwa akifanya kazi za ndani kwa ajuza mmoja wa Kizungu kule Diani, na yule ajuza alipoamua kurudi kwao alimwachia kijibwa, chenye masikio ya kulala na tumbo la waridi. Mama naye alikuwa amepata safari ya Saudia, kazi zile zile za ndani. Basi akatufungasha wote wawili, mimi na begi langu la shule, kijibwa ndani ya katoni ya sabuni, akatupeleka kwa mamake. Mimi nilipelekwa kulelewa. Mbwa alipelekwa kufukuza nyani katika mahindi. Mama alilala hapo usiku mmoja, na nilipoamka alikuwa ameshaondoka, amenifunika leso yake.

Bibi hakuwa mkali, lakini alikuwa mtu wa taratibu. Mbwa wa kulinda shamba alimkubali, kwa kuwa dini imeruhusu, ila mahali pake ni nje. Ndani ya nyumba palikuwa na sebule yenye sakafu ya saruji, fahari ya Bibi, na kwenye sakafu hiyo ndipo alipotandika msala wake mara tano kila siku. Mbwa akipachafua mahali, pataoshwa mara saba, na mojawapo kwa mchanga. Hilo halikuwa na mjadala. Na wa kuteka maji nilikuwa mimi.

Sasa sikilizeni kituko cha mbwa huyu. Kila nikitoka shule tulikuwa shambani mpaka jioni, mimi nimekaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia mahindi, nikigonga debe nyani wakitokeza, naye amelala chini kivulini. Nje kote huko, mchanga tele, majani tele, hakutoa hata tone. Alinusa, akazunguka, akainua miguu kama aliyekanyaga majivu ya moto, akarudi kulala. Tukirudi nyumbani jioni alinipita mbio mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye pembe ya sebule, akajisaidia hapo juu ya saruji, huku amefumba macho kwa raha. Halafu alinitazama akitikisa mkia, akingoja asifiwe.

Bibi alimpa jina la Mheshimiwa. "Mheshimiwa hajisaidii mchangani kama sisi wanyonge," alisema, huku akikunja kanga yake kupisha maji. "Anataka choo cha ndani." Alisema hivyo kwa mzaha siku za mwanzo. Lakini kupiga deki mara saba, jioni baada ya jioni, na mgongo ule wa kizee, mzaha ulikwisha.

"Mke mwenzangu," akaniambia siku moja. Ndivyo alivyokuwa akiniita, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, ingawa mume mwenyewe tuliyekuwa tukimgombania alishazikwa zamani. "Ramadhani iko karibu. Mimi sitaki kusimama kwenye tarawehe nikiwaza nimekanyaga nini. Mwezi ukiandama na huyu bado anakojoa ndani, atakwenda Vanga kwa binamu yangu. Kule hana sebule ya kuchafua."

Nilijibu, "Naam, Bibi," nikaenda nyuma ya jiko nikalia.

Nataka mnielewe kwa nini nililia. Nyumba ya Bibi ilikuwa mbali na nyumba nyingine. Shuleni watoto waliniita wa Ukunda, kule tulikokuwa tukiishi na mama, wakanicheka jinsi nilivyoongea, na mchana nikirudi sikuwa na mtu wa kucheza naye ila nyani, nao walitupiana mahindi yetu. Mbwa yule ndiye kiumbe pekee pale Bongwe aliyeijua mikono ya mama. Ndiyo iliyomlisha. Siku za mwanzo nikimwinamia shingoni nilisikia harufu ya sabuni ya unga aliyofulia mama, na nilimnusa mpaka Bibi ananiita nikaoshe uso na mikono, na mchanga nisisahau. Akienda Vanga, harufu hiyo ingekwenda naye.

Mama alikuwa akipiga simu. Bibi alikuwa na kisimu kidogo chenye tochi, na mtandao ulishika mahali pamoja tu, chini ya mkanju, ule mkorosho wa mwishoni mwa shamba. Mwanzoni alipiga mara nyingi. Bibi aliniita, nikaja mbio, nikabana simu sikioni mpaka sikio likauma. Sauti ya mama ilitoka mbali, inakatika, inarudi. Nilimwambia nimekula, nasoma, simsumbui Bibi. Kisha simu ilikatika, na mimi nikabaki pale nikiangalia ile taa ndogo mpaka izimike. Jioni hiyo sikula. Kesho yake nilishikwa na homa. Bibi alinichemshia mwarobaini, nikautapika mwarobaini wenyewe. Ilikuwa hivyo kila mama alipopiga, na sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Nilidhani ni mbu.

Siri ya Mheshimiwa niliigundua kwa sababu ya vitumbua. Bibi alikuwa ameletewa vitumbua vimefungwa kwa gazeti, na nilipomaliza kula nikaliacha lile gazeti limetandazika barazani. Mheshimiwa alikuja, akalinusa, akapanda juu yake kwa adabu, akamkojolea mbunge mmoja usoni. Alipomaliza akatikisa mkia.

Nikakumbuka. Siku moja mama alinichukua hadi kazini kwake, nami nikakaa mlangoni mwa jiko la yule ajuza, ndani vigae vyeupe vinang'aa. Mama alipiga magoti nyuma ya mlango akitandika magazeti, akiyanyoosha pembe kwa viganja kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Sikumuuliza ni ya nini. Kumbe mbwa hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa amefundishwa, tena vizuri sana, na mwalimu wake ni mama. Alikuwa akibana siku nzima shambani akingoja arudi mahali panapofanana na pale alipofundishwa.

Basi nikalichukua gazeti nje. Nyuma ya jiko palikuwa na mpera mchanga, nikalitandaza hapo, nikaliwekea mawe upepo usilipeperushe. Mheshimiwa alilitazama gazeti, akanitazama mimi. Akazunguka sana. Halafu akapanda. Nilimkimbilia Bibi, naye akaja na mikono yake imejaa tui, akaliinamia lile gazeti lililolowa, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ile ile aliyoitumia mtu akijifungua salama.

Shida ikawa magazeti yenyewe. Bongwe nani ananunua gazeti? Mwenye duka alikuwa nayo machache, na aliyataka kufungia sukari na njugu. Nikaanza kubania. Gazeti zima nikalikata nusu, na Mheshimiwa akakubali. Nusu nikaikata tena, akakubali. Likafika ukubwa wa daftari, akawa anakanyaga kwa miguu ya mbele tu, ya nyuma iko mchangani, na bado moyo wake umetulia. Sikuwa na ujanja wowote, jamani. Nilikuwa naogopa tu karatasi zitakwisha kabla ya mwezi kuandama.

Bibi alikuwa akinitazama. Alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, na siku moja akaacha kukuna.

"Juzi lilikuwa kubwa," alisema.

"Nalipunguza, Bibi."

"Naye haoni?"

"Anaona. Lakini nikipunguza kidogo kidogo hashtuki."

Bibi alilitazama lile gazeti kwa muda. "Na siku usipomwekea kabisa?"

"Atazunguka zunguka. Kisha atazoea."

"Hatalia?"

"Labda siku ya kwanza," nikasema, kwa ujuzi wote wa mtoto wa miaka tisa.

Bibi aliitikia kwa kichwa, akarudia nazi yake.

Kipande cha mwisho kilikuwa sawa na kiganja changu. Nilikibana kwa kigae cha chungu kilichovunjika, na Mheshimiwa alikuwa akikigusa kwa pua kisha anajisaidia kando yake. Kesho yake sikuweka kitu. Alizunguka ule mpera, akalia kidogo, akanitazama. Niligeuka nikatazama mahindi, maana macho yake sikuyaweza. Nilipogeuka tena alikuwa ameshamaliza.

Mwezi ukaandama. Mheshimiwa hakwenda Vanga. Bibi aliswali tarawehe zake kwa amani, na mimi niliteka maji ya kunywa na kupikia tu.

Ramadhani ile ile ndipo simu za mama zilipoanza kupungua. "Waarabu wana wageni mwezi huu," Bibi aliniambia, "mamako hapati nafasi." Nikaelewa. Baada ya Idi akawa anapiga Ijumaa peke yake, na maneno yakawa machache: hujambo, sijambo, msikilize Bibi. Kisha hata Ijumaa nyingine ikapita kimya. Halafu ikawa mara moja kwa mwezi. Homa zangu zikaisha. Nikanenepa, na Bibi akawa ananionyesha kwa majirani kama mbuzi wa Idi. Mimi moyoni nilikuwa nimeshafikia uamuzi wangu. Mama amenisahau. Sikulia kwa hilo. Niliacha tu kukimbia Bibi aliponiita kwenye simu. Nilikwenda kwa mwendo wa kawaida.

Kila jioni Bibi alijitanda leso kichwani akaelekea mkanjuni. Alisema anaangalia korosho. Alikwenda hata miezi ambayo mkanju hauna hata ua.

Mama alirudi nikiwa kidato cha kwanza, baada ya mkataba juu ya mkataba. Nilimpokea begi, nikamwambia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na tukakosa la kuendelea nalo. Alipanga chumba Ukunda akawa anauza viazi karai. Alinitaka nihamie kwake, nikasema nitamsaidia Bibi mpaka nimalize shule. Tulikuwa tukitembeleana. Alinikaribisha kwa chai na mahamri, nikamshukuru, nikaosha kikombe changu kabla ya kuondoka. Hatukuwahi kugombana hata siku moja. Watu wanaogombana walau kuna kitu wanachodaiana.

Bibi alifariki mwaka jana. Baada ya hitima, watu walipokwisha kutawanyika, mama na mimi tulikaa nyuma ya jiko tukisugua masufuria. Mheshimiwa alitokea kando ya nyumba, mzee sasa, jicho moja limeingia ukungu, akaburuta miguu mpaka kwenye mpera, ambao nao umekuwa mti mzima. Akanusa chini. Akazunguka, akanusa tena, kisha akainua mguu.

Mama akacheka kidogo, akajifuta pua kwa mkono wenye masizi. "Bado anakitafuta kile kipande chako," akasema. "Kile cha mwisho, cha kiganja. Ulichokibana kwa kigae cha chungu."

Nikaacha kusugua. Sikuwahi kumweleza mama habari za kile kipande. Wakati ule kwenye simu nilimwambia nimekula na nasoma, basi.

"Nani alikwambia?"

"Bibi yako, nani mwingine? Nilikuwa nikipiga kila jioni, nikishawalisha watoto wa watu. Anakwenda mkanjuni, ananieleza. Leo Riziki amekula wali kwa samaki. Leo amewafukuza nyani peke yake. Leo gazeti limefika nusu." Alishika sufuria bila kuisugua. "Halafu siku moja akaniambia, mwanangu, huyu mtoto akisikia sauti yako anaugua. Tupunguze kidogo kidogo, kama anavyomfanyia mbwa wake. Hatashtuka. Nikamwambia, sawa, mama. Ningesemaje, na mimi niko mbali?"

Nilimkasirikia mama. Nilimkasirikia Bibi, kaburi lake halijakauka. Kisha nikakumbuka ile nazi, na ule mbuzi, na mtoto wa miaka tisa aliyesimama kifua mbele akimweleza mtu mzima jinsi ya kumzoesha kiumbe kukosa kitu. Atazunguka zunguka, nilimwambia. Kisha atazoea. Bibi aliniamini. Alidhani ninajua.

Na hakukosea yote, homa ziliisha kweli. Lakini miaka yote ile niliyojihesabu mtoto aliyesahauliwa, kila jioni kulikuwa na bibi mmoja amesimama chini ya mkanju akinisimulia mimi, nilichokula na nilichosema, kwa mtu aliyeketi jikoni mwa watu, ng'ambo ya bahari, akisikiliza asikose hata neno. Nami nilikuwa hatua chache tu kutoka pale, juu ya dungu, nikigonga debe.

Siku hizi mama hunipigia kila jioni, ingawa Ukunda na Msambweni si mbali. Mara nyingi hatuna habari yoyote. Namuuliza viazi vimeuzika, ananiuliza kama mvua imefika kwetu. Tukimaliza hayo tunanyamaza, nasikia mafuta yake yakichemka kwenye karai, naye sijui anasikia nini kwangu, na hakuna kati yetu anayetaka kuwa wa kwanza kukata.