Nyanya na Kidonda cha Silikoni

Leo nyanya mmoja aliyekuja kutazama mazoezi amenicheka mbele ya kikundi chetu chote cha maigizo hapa Bungoma.

Mchezo wetu ni wa askari aliyerudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Mimi ndiye nilimtengenezea kidonda cha moto shavuni, cha silikoni.

Nilikipaka pinki, vile nimeona kwa video.

"Ati huyu ni mzungu?" nyanya akauliza. "Baba yangu alirudi vitani ameungua hapo hapo, na hakikuwa pinki."

Aibu yangu nikaimeza. "Basi nielekeze, kukhu," nikamwita nyanya kwa Kibukusu.

"Katikati wekundu kidogo. Pembeni pawe peusi kuliko ngozi yake."

Nikachanganya kahawia, nyekundu na tone la bluu. Mwisho nikapaka mafuta, king'ae.

Nyanya akakiinamia kukitazama.

Kisha akavua leso, akaanza kumfukuzia muigizaji nzi shavuni.

Na bana, ukumbini hakukuwa na nzi hata mmoja.