Mamajusi wa Nyumba ya Pili

Tulipohamia Guildford, mtu wa kwanza kunifungulia mlango alikuwa jirani wa nyumba ya pili, mama kutoka Meksiko. Siku za shifti yangu kwenye nyumba ya wazee alinilelea binti yangu. Nilimshukuru kweli, mpaka nilipomsikia mtoto akimwita "tía", yaani shangazi kwa Kihispania. Hapo nikaanza kuumia.

Januari moja ya joto kali, maana huku kusini mwa dunia ndiyo kiangazi, binti yangu alikuja mbio, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba wafalme wanakuja, anataka kupeleka viatu kwa tía. Kwetu Bukavu, wafalme hao, yaani Mamajusi, tuliwasikia kanisani: walimpelekea Yesu zawadi zao wakarudi makwao. Kwa jirani, wao ndio wanaowaletea watoto zawadi. Watoto huacha viatu mlangoni, na nyasi kidogo za kulisha ngamia wa wafalme.

"Noeli nimekupa baiskeli," nilimwambia.

"Baiskeli si ya wafalme, Mama."

Asubuhi nilimfuata. Juu ya ndala zake alikaa mwanasesere wa kitambaa, mweusi kama sisi, nywele zimesukwa mistari. Jirani alikuwa amemshona kwa mkono wake. Binti yangu alimkumbatia akasema, "Gracias, tía." Mtoto huyohuyo ambaye Kiswahili changu hukijibu kwa Kiingereza tu! Baiskeli yangu ilikuwa barazani tangu Noeli, haijatembea hata mpaka kona. Nilitabasamu, lakini moyoni nilitamani yule mwanasesere afumuke.

Tulikaribishwa mkate mkubwa wa mviringo, wenye matunda ya sukari juu. Nilikata kipande chembamba ili niondoke upesi. Jino likagonga kitu kigumu: kisanamu cha mtoto Yesu. Wote wakapiga makofi.

"Umempata wewe," jirani alisema akicheka. "Sasa ni zamu yako kutupikia, Februari, sikukuu ya Bwana kutolewa hekaluni."

"Nitapika," nilijibu. Nilikusudia kumshinda.

Nilikwenda hadi maduka ya Cabramatta kutafuta samaki, nikapika sombe, yale majani ya muhogo, kwa mawese, nikasonga fufu, nikavaa kitenge kipya. Jirani alikula taratibu, akasifu kwa adabu. Lakini binti yake mdogo alikula kwa mikono yote miwili, kisha akapanda mapajani mwangu na kuegemea kifua changu. Mama yake alipomwita waende nyumbani, alining'ang'ania shingoni.

"Sitaki. Nalala hapa."

Jirani alicheka, ila kicheko kilikatika katikati. Alinyoosha mikono kumchukua; mtoto akageuza uso. Niliyaona macho ya yule mama, nikajua kabisa linalomuuma ni nini.

Mtu mwema angemrudishia mtoto wake pale pale. Mimi nilimshika mtoto vizuri, nikamwuliza, "Nikuongezee sombe?"