Mchanga wa Jengo la Uzazi

Siku ya kwanza nilipewa daftari, kalamu ya bluu na kofia ya plastiki iliyonizidi kichwa. Nilikuwa kijana mwenye haya, nimesoma shule ya msingi tu kule Opala, kando ya mto Lomami, nami niliandika polepole, herufi kwa herufi, kama mtu anayepanga matofali. Chef de chantier, yaani msimamizi wa mahali pa ujenzi, alinitazama nikiandika jina langu mpaka akachoka.

"Bon, petit," alisema, yaani haya, mdogo. "Ukimaliza hilo jina, hospitali itakuwa imeisha kujengwa."

Watu wakacheka. Nami nikacheka kidogo, macho chini.

Kazi yangu iliitwa pointeur. Nilihesabu magunia ya simenti yaliyotoka depo, na brouette, yaani toroli, za mchanga na kokoto zilizoingia kwenye mashine ya kuchanganya béton, zege letu. Jioni nilimpelekea daftari métreur, mpimaji wa kazi iliyokwisha. Yeye alilinganisha hesabu yangu na devis, karatasi inayosema kabla ya kujenga kila sakafu itakula nini. Vijana wa leo wanadhani gharama za jengo zinalindwa ofisini, pale Makiso katikati ya mji, kwenye kompyuta. Wakati wetu zililindwa mlangoni pa depo. Gunia likishatoka, limetoka.

Yule métreur, mzee wa Maniema asiye na maneno mengi, alinifundisha jambo moja: "Andika kwanza hali ya siku. Jua, mvua, manyunyu. Hesabu inafuata." Nililipenda agizo lile. Neno lilikuwa fupi, likanipa nafasi ya kuzoea kalamu.

Tulijenga jengo la wagonjwa wa nje, kisha la upasuaji. Ilichukua miaka, nami nikaoa katikati yake. Tulipoanza jengo la uzazi, métreur alikuwa amekwenda pensheni, na mhandisi mkuu mpya akaja kutoka Kinshasa. Alikuwa mwepesi wa akili, mpenda kupunguza. Aliona banda la kuhifadhia mchanga, akasema mchanga si mtu, hauhitaji paa. Mabati yakatumika kwingine.

Baada ya miezi michache simenti ikaanza kupita devis. Aliyesimamia mashine alikuwa Papa Saidi, fundi mwashi wa familia za zamani za Waislamu wa mji huu, mtu aliyejenga nusu ya kuta za mtaa wetu. Mhandisi alimwita ofisini, na mimi na daftari langu.

"Papa Saidi, simenti inaenda wapi?"

"Inaenda mu béton, Ingénieur. Itaenda wapi ingine?"

"Daftari inasema mambo mengine."

"Basi uliza daftari."

Mhandisi akanigeukia. "Ni weye uliandika?"

"Ndiyo, Ingénieur."

"Iko kweli?"

Nikautazama mwandiko wangu. "Iko kweli."

Papa Saidi alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mbwa wake mwenyewe akimbwekea.

Mhandisi akaamua: Jumatatu, mbele ya wafanyakazi wote, atamfukuza kwa wizi. Kwetu fundi hupata kazi kwa midomo ya watu. Akiitwa mwizi mara moja, hatashika tena mwiko katika mji huu. Na ushahidi wote ulikuwa mwandiko wangu.

Jumapili, baada ya misa, nilikaa barazani na daftari zangu zote. Mimi husoma kama ninavyoandika, kidole kikitangulia. Pengine msomi angekimbilia namba. Mimi nilianza na neno la kwanza la kila siku. Penye "jua", simenti ililingana na devis. Penye "manyunyu", ilizidi. Nikajiuliza, ni mwizi gani huyu anayengoja manyunyu?

Ndipo nikaukumbuka mchanga wa Lomami. Tulipokuwa watoto tulirundika mchanga wenye unyevu, ukasimama umevimba. Maji ya mto yakiufikia, ulianguka ukawa mdogo. Na mchanga wetu wa kazini sasa ulilala nje, bila paa.

Jumatatu, mhandisi alipofungua mdomo, niliinua mkono.

"Ingénieur, naomba ndoo."

"Ndoo ya nini? Unataka kutapika?"

Watu wakacheka tena. Nilichota mchanga kutoka kwenye rundo, ndoo ikajaa, nikaisawazisha kwa ubao. Kisha nikamimina maji taratibu, nikikoroga kwa kijiti. Mchanga ukashuka. Ulipotulia, nilipima kwa mkono: vidole vitatu chini ya ukingo.

"Brouette yetu haijai mchanga," nikasema. "Inajaa na upepo pia. Béton inatoka kidogo, tunachanganya tena, na kila mara gunia lingine linaingia."

Mhandisi alichukua ndoo, akajaza mwenyewe, akamimina maji mwenyewe. Vidole vitatu.

"Papa Saidi, ulijua hii?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Uliniuliza simenti. Haukuniuliza mchanga. Miye mutu wa mwiko, nitafundisha ingénieur kazi yake?"

Hapo kila mtu alicheka, na mwisho mhandisi pia. Banda likarudishiwa paa wiki ile ile. Saa ya chakula alikuja kukaa chini nasi, akala lituma, ndizi zile za kuponda, katika sahani moja na Papa Saidi. Hakuomba radhi kwa maneno. Papa Saidi alimsogezea samaki.

Nilimaliza kazi nikiwa msaidizi wa métreur, bado naandika polepole. Sijuti. Kazi ile ilinilisha, na jengo la uzazi limesimama. Lakini nawaambia wanaoanza: namba zako zinaweza kuwa za kweli zote na bado zikamwangusha mtu asiye na kosa. Usimalize kazi kwenye jumla.

Mwezi uliopita nilianza kujenga jiko nyuma ya nyumba. Lori lilimwaga mchanga asubuhi, baada ya mvua. Papa Saidi, mzee sasa, alifika amepakiwa kwenye toleka, baiskeli ya kubeba abiria, fimbo mkononi. Aliutazama mchanga, akanitazama mimi. Hata salamu hakutoa.

"Leta ndoo," alisema.