Samaki Anayezaa

Juzi, kwenye duka la samaki wa mapambo huku Bagara, nilimwona gapi mmoja akizaa mbele ya wateja. Niliona aibu kana kwamba wote wananijua.

Nilipokuwa bado shule ya msingi, kwetu Nangara tangi la kioo lilikaa sebuleni, likinuka maji ya mvua na chakula cha samaki. Alasiri moja mdogo wangu Ema alinijia mbio. "Dada, samaki anazaa! Vitoto vinatoka na macho!"

"Samaki hutaga mayai, mjinga wewe. Kitabu ndivyo kinavyosema."

Mama alikuja na mwiko wa makande mkononi, akaviona vitoto. "Ema, umevitoa mtaroni?"

"Vimetoka tumboni, mama! Haki ya Mungu tena!"

Mama aliniangalia mimi, niliyekuwa wa kwanza darasani. Nilitikisa kichwa. Ema akalazimishwa kusema, "Nimedanganya," huku kamasi zikimtoka.

Mama aliporudi jikoni, niliinama kwenye kioo. Kitoto kingine kilitoka tumboni mwa yule samaki kikiwa kimejikunja, kikajinyoosha, kikaogelea. Ema alikuwa bado analia mlangoni. Nililifunika tangi kwa kitambaa, nikamwambia akanawe uso.