Kufuli Tatu za Simu

Nimechoka kuulizwa habari ya koini. Nikienda bombani naulizwa, nikienda mashineni kusaga naulizwa, na anayeuliza jibu analo tayari, anataka tu kuniona nikibabaika. Haya, naeleza, halafu basi.

Kikundi chetu cha wanawake hapa Mazinde kilikuwa na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Ufunguo mmoja alikaa nao wifi yangu, mwenyekiti. Wa pili jirani yetu muuza dagaa, wa tatu mimi. Halifunguliwi mpaka tuwepo wote watatu, mbele ya wanachama, Alhamisi baada ya alasiri au siku ya msiba. Zilikuwa hela za misiba. Mtu akifiwa tunafungua, tunanunua unga, maharage, mafuta, na mfiwa analia tu bila kuwaza jiko. Nilipoolewa hapa nikitokea Kwamsisi, hicho ndicho kilichonifanya nipaone kwetu.

Wifi alikuwa anauza vitumbua stendi ya Mombo. Huko ndiko alikosikia habari ya soko la koini, hela ya kwenye simu ambayo ukiilaza inaamka imeongezeka. Wafanyabiashara walimwonyesha simu zao, na kweli ilikuwa inaongezeka. Akaja kutueleza kikaoni, tukabishana wee, mwisho tukanyoosha mikono. Mama mkwe, yaani mama yake wifi, alinyoosha wa kwanza. Akasema yeye akifa watu wale wali na nyama, maharage ameyachoka tangu yu hai. Tulicheka sana siku ile.

Hela tukazihamishia huko, na kwenye simu nako kufuli tukaweka, usifikiri tulikuwa wajinga. Neno la siri tuliligawa vipande vitatu. Wifi anaandika mwanzo, muuza dagaa katikati, mimi namalizia, kila mmoja kajifunika kanga gubigubi na simu humo ndani, wanachama wamegeuza nyuso ukutani. Jamani, tulivyojiona wajanja! Kufuli tulizifunga vizuri mno. Sanduku lenyewe la koini ndilo lililokuwa nyumbani kwa mtu tusiyemjua, na hilo halikumjia yeyote akilini.

Alhamisi moja tulitaka kutoa kidogo tununue sufuria kubwa za kikundi. Tukaandika vipande vyetu, ikafunguka, hela zikaonekana kama kawaida. Tukabonyeza kutoa, ikaandika subiri. Alhamisi iliyofuata, subiri. Muuza dagaa akasema mimi nimebadilisha herufi zangu. Mimi nikamgeukia wifi. Tulikuwa bado tunatazamana hivyo redio iliposema soko lile limeanguka, wenyewe walikuwa wanazitumia hela za watu kwa mambo yao, na sasa hakuna kinachotoka.

Nani akubali? Wanawake walisema kampuni ianguke huko Ulaya, hela ya Mazinde ipotelee wapi? Mwenyekiti kala. Wallahi hakula. Naishi naye, najua hata mbuzi wake aliuza akatia humohumo. Lakini vitumbua vyake vikaanza kulala, mwisho akaacha kwenda Mombo. Na si yeye peke yake aliyeacha kuaminiwa. Watu walianza kumhesabia wakala wa simu noti mbele ya macho yake, wakarudia tena, na mchango wa msikitini ukawa hautoki mpaka mtu aone mabati yameshushwa.

Masika yalipoanza mama mkwe akafariki, alfajiri. Wifi hakulia kwanza. Aliniangalia akauliza, "Watakuja?"

Nikamwambia anyamaze, tumshughulikie mama. Ila na mimi nilijiuliza hilo hilo. Msiba ukikosa wanawake jikoni, hapa kwetu ni aibu ambayo hata wajukuu watasimuliwa. Nilikuwa nachota maji huku jicho liko njiani.

Walikuja. Kabla ya adhuhuri uwanja ulikuwa umejaa, kila mmoja na chake kichwani, unga, maharage, kuni, mafuta kwenye chupa ya maji. Zamani vitu hivyo tungenunua sisi, na aliyeongeza chake angemkabidhi wifi mlangoni akapita. Safari hii hakuna aliyekabidhi. Walimpa mkono wa pole, wakaketi, kila mtu na mfuko wake katikati ya miguu. Maji yalipochemka wakawa wanainuka mmoja mmoja, anamimina mwenyewe sufuriani, anasimama mpaka aone mwiko umezunguka, anakunja mfuko wake, anarudi mkekani kumlilia mama. Na walimlilia kweli. Maharage yalikuwa ya kila aina, mengine yameiva, mengine yanagonga meno. Wali na nyama haukuwepo.

Jioni, mama ameshazikwa, wifi akasimama kushukuru. Akaongeza kwamba sanduku la bati bado lipo, na kufuli zake zipo, wakipenda tuanze upya hata kwa kidogo. Muuza dagaa akamshika mkono, na alimshika kwa upendo, mimi niliona.

"Tutazikana, dada. Hilo usiwe na shaka," akasema. "Kushikiana hela, basi."

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali, wakajifunga kanga, wakaondoka.

Wifi akakaa pale pale kwenye mkeka, sasa analia. "Bora wasingekuja," akasema.

Nilimkasirikia, udongo wa mama haujakauka anasema maneno kama hayo. Na nilimwelewa. Nikamwambia ainuke alete majivu tusugue sufuria, maana zilikuwa za watu, na asubuhi kila mtu angekuja kuchukua yake mwenyewe.